Siku Nne Darasani Braamfontein

Bertrams,
Johannesburg.
Alhamisi, 12 Machi 2026.

Mpendwa kaka Festus,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa binti yako Lynette. Ni matumaini yangu kwamba karatasi hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na wifi yangu Nyambura, na Levi, na Mama, na kila mtu hapo Mwingi anayeuliza habari zetu.

Presha yako inaendeleaje? Wifi aliniambia wakati wa Krismasi kwamba dawa unazimeza ukikumbushwa tu, na kwamba kuna kichupa cha chumvi unakificha kwenye droo ya ofisi. Kaka, wewe ni mwalimu mkuu, watoto mia nne wanakutazama. Acha hiyo chumvi. Na Mama je, lile jicho alilotolewa mtoto wa jicho linaona vizuri sasa, au bado anamwita Levi kwa jina lako? Mvua mmepata? Huku imenyesha sana mwezi mzima, ukuta wa jikoni umeanza kuota ukungu na nimeusugua mpaka nimechoka.

Mimi sijambo. Mguu unanibeba. Ngazi za benki napanda bila kushika ukuta, na fimbo naichukua siku za baridi tu. Nikiketi sana goti linakaza, lakini hayo ni mambo ya umri pia, tusiyasingizie ajali yote.

Najua unashangaa kwa nini sikupiga simu. Nimeishika simu mara tatu wiki hii. Kwa simu ningelia, nawe ungeninyamazisha kabla sijamaliza, ungesema yaishe, na yasingekuwa yameisha. Kiprotich, tunayefanya naye kazi benki, anasafiri kwenda Nairobi Jumapili, kwa hiyo ndiye atakayekuletea bahasha hii. Nakuomba uisome yote mpaka mwisho kabla hujampigia Lynette. Tafadhali, kaka. Mpaka mwisho.

Ni habari ya chuo kile kipya cha Amerika, kile kinachomtaka Lynette akachezee. Wacha nianze tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu ukiyapata nusu utanihukumu kwa nusu.

Unakumbuka Lynette alivyoondoka hapa Agosti 2022, na begi lililomzidi kimo, akaenda kusoma kwa sababu ya voliboli. Alicheza misimu miwili. Desemba ya 2023 akaja kupumzika kwangu wiki tatu, na tarehe tatu Januari lile bakkie la mizigo likanigonga pale kwenye taa za robot, mimi nikivuka na taa ikiwa imeniruhusu. Yeye alikuwa na tiketi ya tarehe tisa. Hakuitumia. Sikumwomba abaki, lakini pia sikumwambia aende. Mikono ile ya kupigia mpira ndiyo iliyoninyanyua kitandani na kuniingiza bafuni, mwaka mzima na nusu, upasuaji mara tatu, na ule usaha wa mfupa ambao madaktari waliufukuza ukarudi. Hayo unayajua. Ulimshukuru kwa simu mbele yangu, nami nikageuza uso.

Sasa lile usilolijua vizuri ni sheria zao za michezo, kwa sababu hata mimi nilikuwa sizijui mpaka Jumapili iliyopita. Lynette alinieleza juujuu nikasema ndiyo, ndiyo, kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa wa nchi nyingine. Ni hivi. Chama chao cha michezo ya vyuo kinampa mchezaji miaka mitano, na miaka hiyo inaanza kuhesabiwa siku ile anapojiandikisha chuoni kwa mara ya kwanza kama mwanafunzi wa muda wote. Ikishaanza haisimami. Ukiugua inakwenda, ukirudi kwenu inakwenda. Katika miaka hiyo mitano unacheza misimu minne tu. Lynette amecheza miwili, na ile miaka yake itamalizika katikati ya mwaka ujao.

Kuna mlango mmoja mdogo. Mtu aliyeacha masomo kwa sababu jamaa yake alikuwa mgonjwa sana anaweza kuomba arudishiwe muda uliopotea. Ndiyo maana mama mmoja wa chuo kipya, anayeshughulikia sheria za wachezaji, alituma fomu zile, moja yako, moja yangu, moja ya Lynette. Wakikubali, Lynette ana misimu miwili kamili na anamaliza digrii bila mtu kulipa karo. Lakini wana sharti. Katika muda huo usiwe umeandikishwa chuo kingine chochote kama mwanafunzi wa muda wote. Ukiwa umeandikishwa, wewe hukuacha masomo. Ulihama. Na ukihama kutoka mahali ambapo hukufaulu hata somo moja, unakaa nje mwaka mzima, unafanya mazoezi na wenzako lakini huchezi.

Piga hesabu mwenyewe, wewe ni mwalimu. Wasiporudisha muda, amebakiwa na mwaka mmoja, na mwaka huo huo ndio atakaokaa nje. Kocha amemwambia waziwazi kwamba anamtaka mtu wa kucheza Agosti hii. Hana nafasi ya mtu wa kukaa. Asipocheza hakuna wa kumlipia karo, na bila karo hakuna digrii.

Wewe ulishasaini fomu yako. Niliiona Lynette alipoichapisha: kwamba unathibitisha binti yako hakusoma popote miaka ile miwili, alikuwa akimuuguza dada yako. Ukapiga na muhuri wa shule, mara mbili, kana kwamba Wamarekani wasingeamini wa kwanza. Nilicheka nilipouona. Sasa sicheki tena, kwa sababu uliyoyathibitisha si kweli, na aliyekufanya uyathibitishe ni mimi.

Lynette aliandikishwa chuo. Mwezi wa Januari 2025, muda wote, hapa Braamfontein. Niliyemwandikisha ni mimi.

Nimeliandika hilo kisha nikainuka kunywa maji. Nimerudi.

Unaijua ibada yetu ya Kiswahili kule Bellevue, umekaa kwenye viti vile kabla hamjarudi Kenya. Enzi zenu hatukuwa na Jumapili ya Wanafunzi. Ilianzishwa na Mzee Théodore, yule Mkongo mwembamba, mzee wa kanisa. Kila Jumapili ya kwanza ya Februari anasimama mbele na daftari lake, anasoma jina la kila mtoto wetu anayesoma na shule yake, mtoto anasimama, vigelegele vinapigwa, Brigitte mshonaji anamfunga utepe wa rangi begani. Wanaosimama ni wa muda wote peke yao. Wale wa masomo ya jioni wanaombewa wakiwa wameketi. Hivyo ndivyo Mzee alivyopanga, eti jioni ni ya wafanyakazi, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Miaka miwili nilimtangaza Lynette kanisani. Unanijua. Kila barua pepe aliyonitumia nilihakikisha mtu mwingine ameisikia. Basi aliporudi akakaa, watu walinyamaza mwaka wa kwanza kwa sababu nilikuwa nimelala kitandani. Mwaka wa pili wakaanza kuuliza. Brigitte alikuja kuniona na supu, akaketi, akamtazama Lynette akianika mashuka uani, akaniambia, "Mama Mwende, huyu mutoto anabakiaka tu ku nyumba? Ile masomo ya Amerika walimufukuza?" Aliuliza kwa upole kabisa. Nikasikia pia kwamba kuna waliokwisha kumzushia mimba.

Ningeweza kusema ukweli mfupi, kwamba mtoto amebaki kwa ajili yangu. Lakini hapo ningekuwa mimi ndiye niliyemkatiza masomo, mbele ya watu wote. Sikuweza, kaka. Nikamjibu Brigitte kwamba Lynette anaanza chuo Braamfontein mwezi huo. Sikuwa nimewaza hata jina la chuo.

Juma lile lile nikachukua magongo yangu nikapanda taksi. Kuna chuo kidogo cha uhasibu pale, juu ya duka la viatu, ngazi zake nilizipanda kwa makalio. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, muda wote na jioni. Nikatia alama muda wote kwa sababu ya daftari la Mzee Théodore. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta. Kisha karani akasema mwanafunzi mwenyewe lazima asaini. Lynette saa hiyo alikuwa amepanga foleni ya dawa zangu. Nikasema yuko nje. Nikaitoa ile karatasi mpaka kwenye korido, nikaigandamiza ukutani, nikasaini mahali pa mwanafunzi: L. Ndanu.

Mimi, kaka. Mimi ambaye miaka kumi na moja kazi yangu benki ni kukagua saini za watu. Mimi ninayemrudisha mzee wa watu nyumbani kwa sababu mkia wa herufi yake umepinda upande usio wake.

Lynette nilimwambia kuna darasa la uhasibu la watu ninaowafahamu, aende akaone kama litamfaa, asikae bure. Alikwenda siku nne. Jumapili akasimama, akafungwa utepe wa buluu, nikapiga vigelegele nikiwa kwenye kiti cha magurudumu, maana mguu ulikuwa umeanza kuvimba tena. Jumatatu usaha ukarudi, nikapelekwa hospitali, na tangu hapo hakukanyaga darasani. Yeye anazihesabu siku zile nne kama mtu aliyepita kuona. Fomu hajawahi kuiona. Kwa hiyo Wamarekani walipomwuliza vyuo alivyosoma akajaza kimoja, na kwa upande wake hakusema uongo.

Jumapili iliyopita aliniletea karatasi zote nizipitie, kwani si kazi yangu kukagua? Nikasoma mstari unaosema uorodheshe kila chuo ulichoandikishwa, hata kama ni kwa siku moja. Hata kama ni kwa siku moja! Nikamwambia ziko sawa, nikazirudisha kwenye bahasha. Fomu yangu mwenyewe sijaisaini mpaka leo. Kila siku ananiuliza, nami nasema kesho. Zinatakiwa ziwe zimefika ifikapo mwisho wa mwezi.

Jumanne niliomba ruhusa kazini nikarudi Braamfontein. Nilikuwa nimejidanganya kwamba labda wamefunga, au jina limeshafutika. Karani mpya, msichana mchangamfu wa hapa hapa, alilipata kabla sijamaliza kulitaja. Muda wote. Hakumaliza. Nilipomweleza shida yangu akanihurumia sana. Akasema, "Mama, hakuna mtu anayeangalia hizi za zamani. Naweza kulitoa sasa hivi, sharp sharp." Wala hakutaka chochote. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kibodi.

Ungependa kusikia kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilimwambia nitarudi Ijumaa.

Tangu hapo silali vizuri, chakula nakiona kama mchanga. Kila nikimsikia Lynette akipiga mpira ukutani huku nyuma, nahesabu bila kutaka. Yule karani akilitoa lile jina, mtoto anakwenda Amerika, na pengine kweli hakuna atakayejua kamwe. Au mtu atajua akiwa katikati ya msimu, wamfukuze mbele ya wenzake, na saini yako na muhuri wako na saini yangu ziwe ndizo ushahidi. Lynette ameniambia hilo limewahi kumpata msichana wa timu yao ya kwanza, walizifuta hata mechi alizokuwa ameshinda. Na nikisema ukweli, huenda nikamfungia mlango kwa mkono wangu, mtoto aliyeniogesha.

Kesho ni Ijumaa. Sijui nitafanya nini. Nimeandika haya yote ili nikuulize, kisha nimeona kwamba barua itakufikia Ijumaa ikiwa imeshapita. Huo ndio ujanja wangu, unaona? Hata ushauri nauomba kwa njia ambayo hauwezi kunifikia.

Jumamosi, 14 Machi.

Kaka, naendelea. Niliiacha barua hii chini ya kitambaa cha meza, sikuthubutu kuigusa tena mpaka leo.

Jana sikwenda Braamfontein. Nilifika mpaka kituo cha taksi, nikasimama kwenye foleni, zamu yangu ikafika, na dereva akaniuliza napanda au sipandi. Nikampisha mtu wa nyuma. Nikampisha na mwingine. Nilikuwa nikimfikiria yule msichana karani. Angefanya kosa kwa ajili ya huruma, kama nilivyofanya mimi kwa ajili ya aibu, na jina lake lingebaki kwenye mtambo wao kwamba ndiye aliyefuta. Nikarudi nyumbani kwa miguu, polepole, nikimpangia Lynette maneno.

Nilimkuta jikoni akisonga ugali. Maneno niliyoyapanga yote yalipotea. Nikamwambia tu, nikiwa bado nimevaa koti. Chuo, kisanduku, saini.

Akazima jiko. Akaniuliza, "Shangazi, uliandika jina langu? Wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Eish," kwa sauti ndogo, kisha akaanza kwa Kiingereza, haraka, sikuyashika yote na niliyoyashika sitayaandika. Alikuwa na haki. Alisema aliipoteza timu yake ya kwanza kwa ajili yangu na hakuwahi kunidai, na sasa nimempokonya na hii ya pili kwa ajili ya utepe. Alisema hivyo, kwa ajili ya utepe. Akachukua mpira wake akatoka. Ugali ulikauka kwenye sufuria, sikuugusa.

Alikaa nje muda mrefu, mimi nikiwa dirishani. Siku hiyo kulikuwa na mechi uwanja wa Ellis Park, magari yameegeshwa mpaka mlangoni kwetu, watu wanapita na bendera na tarumbeta zao, na mimi natafuta kichwa kimoja katikati yao. Nilifikiri amekwenda moja kwa moja. Nilifikiri mambo mengi, kaka, na hakuna hata moja lililokuwa na maana.

Alirudi. Hakunisalimu. Akaketi mezani na kompyuta yake akaandika, akafuta, akaandika. Baadaye akaniambia, bila kunitazama, kwamba ameshaandika maelezo ya kumpelekea yule mama wa sheria, kwamba kuna chuo kingine ambacho hakukiorodhesha, na kwamba atachapisha nakala moja nikutumie na Kiprotich ili nawe uandike upya fomu yako. Nikalia. Nilidhani hapo ndipo mwisho, kwamba ameukubali ukweli na amenisamehe robo.

Leo asubuhi alikwenda mazoezini akaniachia karatasi mezani. Nikaisoma kama ninavyosoma kazini, mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa nne ameandika hivi: mimi mwenyewe ndiye niliyejiandikisha, kwa hiari yangu, na saini kwenye fomu ya chuo ni yangu.

Nilimngoja mlangoni. Nikamwuliza kwa nini ameandika uongo, tena juu yake mwenyewe. Akavua viatu kwanza. Kisha akasema, "Shangazi, wewe kazi yako ni saini. Wakijua huko benki, utakula nini?" Akasema ameshafikiria, tofauti ni ndogo, akilaumiwa yeye au mimi siku zile nne ni zile zile.

Tofauti si ndogo. Nimeusoma tena ukurasa wao wa sheria, safari hii wote, na kamusi pembeni. Wanauliza kama mchezaji alijua na kama alikubali. Akisema alijiandikisha mwenyewe, ameificha rekodi kwa makusudi, na hapo si suala la mwaka mmoja tena, wanaweza kumkatalia kabisa. Akisema ukweli, kwamba aliandikishwa na mtu mwingine bila kusaini, kuna kamati ya kumsikiliza. Hawaahidi chochote. Lakini watamsikiliza. Mtoto alikuwa tayari kuufunga mlango wake wa mwisho ili nisifukuzwe kazi, na nina hakika aliusoma ukurasa huo kabla yangu.

Basi nimeikalia karatasi yake, kihalisi, iko chini ya mto wa kiti changu na haiondoki hapo. Nimeandika ya kwangu. Nimeandika jina langu lote, Mwende, na kazi ninayofanya, na benki ninayofanyia. Nimeandika kwamba nilitia alama kisanduku kile ili mpwa wangu asimame kanisani. Sijui Mmarekani ataelewa nini hapo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nimeandika kwamba saini ile niliighushi, nikaweka mfano wa saini yangu na wa saini ya Lynette ubavuni, ili hata mtoto aone kwamba ile ya kwenye fomu ya chuo imetoka mkono wangu, si wake. Lynette ameisoma. Akasahihisha Kiingereza changu mahali pawili, akaituma mwenyewe, badala ya ile yake, mbele ya macho yangu. Jumatatu saa mbili nitamwona meneja wangu kabla hajasikia kwa mwingine. Na kesho baada ya ibada nitamwomba Mzee Théodore nafasi ya dakika mbili niyaseme haya mbele ya watu, nimemwomba Brigitte akae karibu.

Wewe nakuomba kitu kimoja cha kazi. Fomu yako ya kwanza tumeiondoa. Nimekuwekea mpya humu, tupu. Andika unachokijua sasa, kwamba ulipothibitisha mara ya kwanza ulikuwa umefichwa. Usinipunguzie. Usiandike kwamba nilikuwa mgonjwa na nimechanganyikiwa na dawa, najua utashawishika kuandika hivyo kwa sababu unanipenda. Siku ile kichwa changu kilikuwa kizuri kabisa. Piga muhuri mara moja tu, upige picha, umtumie Lynette kabla ya tarehe ishirini na tano.

Yeye hajambo. Hasemi sana na mimi. Leo mchana aliniwekea chakula changu akafunika na sahani, kisha akala cha kwake barazani. Nimeshukuru kwa ile sahani.

Nisalimie Mama, mwambie nitamtumia kile kitambaa cha kichwa cha rangi ya kahawia. Msalimu wifi Nyambura, na kama ataamua kutoniongelesha kwa muda, mwambie naelewa. Levi mwambie viatu vyake vya mpira Kiprotich anavyo, namba saba, na asivivalie kuchungia mbuzi. Wasalimu walimu wako wote na majirani wa upande wa kisima.

Kamati itajibu Mei. Kaka, nakuomba hili la mwisho. Jibu likija baya, Lynette atakupigia wewe kwanza kabla hajasema na mimi, na najua maneno yako siku za msiba. Usimwambie mtoto kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwako kwenye korido ile. Mwambie ni mapenzi ya shangazi yake, aliyetaka kumwona amesimama.

Bwana awatunze nyote, awape mvua na usingizi, na huku atuangalie tunaosubiri.

Ni mimi dada yako ninayekupenda na kukuonea haya,

Mwende